Karani Akikataa Kazi kwa Sababu ya Choo



Msimu unapokaribia, maneno yanayosikika katika mikutano ya matawi ni yale yale ya siku zote: bei, magunia, majamvi, na foleni ya mizani. Lakini liko jambo jingine ambalo watu hulizungumza kwa sauti ndogo, nje ya baraza, kwa kuwa wengi hulionea haya. Jambo lenyewe ni choo cha ofisi. Na swali linaloulizwa ni hili: karani, mpimaji au mfagizi aliyeajiriwa katika ofisi isiyo na choo cha kufaa, je, anayo haki ya kukataa kufanya kazi humo mpaka choo kitengenezwe? Au mtu huyo ni mvivu tu aliyepata kisingizio?

Twaona yafaa swali hili lijibiwe kwa uwazi, maana linatugusa kwa pande tatu. Kwanza, wengi wetu tuna watoto na ndugu wanaofanya kazi maofisini, mjini na shamba. Pili, sisi wenyewe ni waajiri. Mwenye mikarafuu anayeweka wachumaji na wachambuaji ni mwajiri, hata kama hana meza wala mhuri. Tatu, ofisi ikifungwa katikati ya msimu kwa ugomvi wa choo, hasara humrudia mkulima, ambaye karafuu zake zimekwisha kauka na mawingu ya vuli yamekwisha kutanda.

Jibu fupi ni kwamba haki ya kukataa ipo, lakini ina mipaka yake na njia yake. Anayeijua njia hiyo hupata choo na kazi yake hubaki. Asiyeijua huweza kupoteza kazi na choo kikabaki vile vile. Tutaeleza yote mawili, haki na njia.

CHOO CHA KUFAA NI KIPI?

Kabla ya kusema ofisi haina choo cha kufaa, yapasa tujue kinachofaa ni kipi. Kuwapo kwa kibanda uwani hakutoshi. Choo cha kufaa kina mambo sita: kinatosha kwa idadi ya watu, kina mlango wenye komeo kwa ndani, kina maji ya kuchamba na ya kunawa mikono, pamoja na sabuni, kina mwanga na hewa, kinafagiliwa kila siku na mtu anayejulikana, na wanawake wana chao, au angalau chumba kimoja kinachofungwa ambacho mtu huingia peke yake. Kwa wanawake liongezwe jambo la saba, nalo ni ndoo yenye kifuniko na mahali pa kujisafisha katika siku zao za mwezi. Kati ya hayo yote, maji ndiyo yanayosahauliwa sana. Kwa desturi zetu choo kisicho na maji si choo. Mtu hawezi kukitumia akatoka akiwa safi.

Kuhusu idadi, nchi nyingi zimeweka hesabu. Mwongozo wa Uingereza unaofuatana na kanuni za mahali pa kazi za mwaka 1992 wasema: watu 1 hadi 5, choo 1, watu 6 hadi 25, vyoo 2, watu 26 hadi 50, vyoo 3, watu 51 hadi 75, vyoo 4, na watu 76 hadi 100, vyoo 5. Kila choo kiwe na beseni lake la kunawia, na wanaume wahesabiwe mbali na wanawake. Kanuni za Marekani ni nyepesi kidogo: watu 1 hadi 15, choo 1; 16 hadi 35, vyoo 2; 36 hadi 55, vyoo 3.

Tuchukue mfano wa kukisia. Kituo cha kununulia karafuu kina makarani, wapimaji, wapagazi, walinzi na wafagizi. Jumla watu 18, wanaume 11 na wanawake 7. Kwa hesabu ya Uingereza, wanawake wapate vyoo 2 na wanaume 2. Kwa hesabu ya Marekani, wanawake 1 na wanaume 1. Basi hata tukifuata hesabu nyepesi kuliko zote, jibu haliwi choo kimoja kwa watu wote 18. Na ikumbukwe kwamba hesabu hizo ni za wafanyakazi tu. Wakulima wanaongoja mizani tangu alfajiri, pamoja na wake zao na watoto, hawamo ndani yake. Katika siku za msimu, hao ndio wengi.

MADHARA YANAYOFICHWA NA HAYA

Mtu asiye na choo kazini hujitibu mwenyewe kwa dawa mbili, nazo zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kutokunywa maji. Ya pili ni kubana.

Asiyekunywa maji katika joto la visiwa vyetu hupata kichwa kuuma, kizunguzungu na choo kigumu; na mkojo ukiwa mzito siku nyingi, mawe huweza kufanyika katika mafigo. Anayebana mkojo saa nyingi huwapa vijidudu wasaa wa kuzaana katika kibofu. Mwanamke hudhurika zaidi, kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mfupi na vijidudu hufika kibofuni upesi. Akiwa mja mzito, maradhi hayo yaweza kupanda mpaka kwenye mafigo na kumtia uchungu kabla ya wakati wake. Aghalabu karani wa kike anayeomba ruhusa mara kwa mara kwenda kwao mchana huhesabiwa mtoro, na kumbe anakwenda haja tu, kisha anarudi mbio.

Wanaume nao wana njia yao: huenda nyuma ya jengo, au mtoni. Jambo hili huonekana dogo, lakini hapa kwetu si dogo hata kidogo. Kichocho cha mkojo kimekaa Unguja na Pemba kwa miaka mingi. Mayai yake hutoka pamoja na mkojo wa mgonjwa. Yakifika katika maji ya mto au bwawa huangua, vijidudu huingia katika konokono, na wakitoka humo hupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Kwa hiyo karani anayekojoa kijitoni asubuhi aweza kuwa ndiye anayempa maradhi mtoto anayeogelea jioni. Haja kubwa nayo ina yake: safura, minyoo, homa ya matumbo, na kipindupindu. Kipindupindu kiliingia tena visiwani mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi tangu hapo. Kila kinaporudi hupita njia ile ile, ya kinyesi, maji, mikono na chakula.

CHOO NA BEI YA KARAFUU

Yuko mwanachama atakayesema: haya ni mambo ya hospitali, gazeti hili ni la karafuu. Twamjibu kwamba haya ni mambo ya karafuu pia.

Karafuu haisagwi wala haichemshwi kwetu. Huchumwa kwa mkono, huchambuliwa kwa mkono, huanikwa juu ya jamvi au sakafu, huzolewa kwa mkono, na kituoni hutiwa mkono tena kuangaliwa ukavu wake na makonyo yake. Mkono uliotoka chooni bila kunawa hugusa zao ambalo mtu wa mbali atalitia katika chakula chake. Viko vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo huharisha watu vibaya na huweza kuishi muda mrefu katika vyakula vikavu. Wakubwa wa chakula wa Marekani walipochunguza shehena za viungo vya kila namna zilizoingia nchini mwao kati ya mwaka 2007 na 2009, walikuta karibu 7 katika kila 100 zina salmonela. Shehena ya namna hiyo huweza kuzuiliwa bandarini, na sifa ya mahali ilikotoka huharibika pamoja nayo.

Wapo wasemao kwamba karafuu yenyewe ni dawa, haikubali uchafu. Ni kweli kuwa mafuta yake huzuia vijidudu vingi, na ndiyo sababu hutumika katika dawa za meno. Lakini mnunuzi hakubali maneno hayo. Huchukua sampuli akaipima. Kanuni za kimataifa za usafi wa viungo, zilizotolewa mwaka 1995 na baadaye kuingizwa katika kanuni za vyakula vikavu, zinataka wanaoshika viungo wawe na vyoo na mahali pa kunawia mikono. Kwa hiyo choo cha kituo ni sehemu ya mashine za kutengenezea karafuu, sawa na mizani na ghala.

SHERIA ZASEMAJE?

Watu wengi hudhani sheria za vyoo ni za viwandani tu. Dhana hiyo ni ya zamani, na hata Uingereza ilikuwapo. Huko viwanda vilikuwa na sheria za afya tangu karne ya 19, lakini karani mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni alidhaniwa kuwa anafanya kazi safi isiyohitaji ulinzi. Kamati iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti yake mwaka 1949, na ilichukua miaka 14 mpaka ilipopitishwa, mwaka 1963, sheria ya ofisi, maduka na majengo ya reli iliyowalazimisha wenye ofisi kuweka vyoo vya kutosha, safi na vyenye mwanga.

Mwaka uliofuata, 1964, Shirika la Kazi la Kimataifa, lenye makao yake Geneva, lilipitisha Mkataba Namba 120 juu ya usafi katika biashara na ofisi. Kifungu chake cha 13 kinataka pawepo mahali pa kunawia na vyoo vya kutosha na vya kufaa, na vitunzwe vizuri. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maji safi na usafi wa vyoo ni haki ya binadamu. Na mwezi wa Juni 2022, Shirika la Kazi liliingiza mahali pa kazi penye usalama na afya katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu, iwe imetia sahihi mkataba wake au haikutia.

Kwa upande wetu, Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005. Tanzania Bara ina yake, Namba 5 ya mwaka 2003, na Kenya ina ya mwaka 2007. Fikira iliyo ndani ya sheria za namna hii ni moja: mwajiri ana wajibu wa kuweka mahali pa kazi katika hali isiyodhuru afya, na serikali ina wakaguzi wa kusimamia jambo hilo. Kwa hiyo anayedai choo haombi fadhila. Anadai kitu ambacho mwajiri alikuwa na wajibu wa kukiweka kabla ya kumpa mtu funguo za ofisi.

KUKATAA NI KWA NAMNA TATU

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, maana kukataa kazi si jambo moja.

Namna ya kwanza ni kukataa kwa ajili ya hatari iliyo karibu. Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 wasema kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika hali ambayo ana sababu ya haki kuamini kuwa ni hatari kubwa na ya karibu kwa uhai wake au afya yake, alindwe asipatwe na adhabu isiyostahili. Mkataba huo pia unamtaka mfanyakazi ampe mkubwa wake khabari mara moja. Na hatari ikiwa bado ipo, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imeandikwa kwa fikira hiyo hiyo.

Tazama maneno yenyewe: hatari kubwa, na ya karibu. Je, choo kibovu kinaingia humo? Pengine ndiyo, pengine siyo. Ikiwa kipindupindu kimeingia kijijini na ofisi haina maji wala choo, hatari ni kubwa na iko mlangoni. Ikiwa shimo limejaa na uchafu unaingia chumba cha kazi, au sakafu ya choo cha shimo imepasuka na mtu aweza kutumbukia, ni vivyo hivyo. Lakini ikiwa choo ni kimoja kwa watu 18, komeo limevunjika, na maji hutekwa mbali, hilo ni kosa la mwajiri, ila madhara yake huja polepole. Mtu akiacha kazi ghafla kwa sababu hiyo peke yake, aweza kuambiwa kwamba hatari haikuwa ya karibu, na akahesabiwa mtoro. Kwa hali hiyo njia ni mashtaka na mkaguzi, ambayo tutaieleza chini.

Namna ya pili ni kukataa kwa pamoja. Uko mfano mashuhuri wa Marekani, ingawa haukuhusu choo bali baridi. Mwezi wa Januari 1959, katika kiwanda kimoja mjini Baltimore, jiko la kupashia moto lilikuwa limeharibika siku ya baridi kali isiyo ya kawaida. Wafanyakazi saba waliondoka pamoja, nao wakafukuzwa, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na amri kwamba mtu asiondoke bila ya ruhusa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1962 mahakama ikaamua kwamba kufukuzwa huko ni kinyume cha sheria, kwa sababu watu wale walifanya shauri la pamoja juu ya hali ya mahali pao pa kazi. Amri ya kiwanda haikuweza kuondoa haki hiyo. Lakini liangaliwe jambo moja: sheria ile ya Marekani hulinda tendo la pamoja. Kama angeondoka mmoja tu, kwa ajili ya nafsi yake, huenda asingalindwa.

Sisi hatuna sheria ya Marekani, wala asidhani mtu kwamba aweza kuinakili. Hapa kwetu, kazi ikikataliwa na wengi kwa pamoja huitwa mgomo, na mgomo una taratibu zake: kwanza shauri lipelekwe kwenye usuluhishi. Kwa Tanzania Bara, sheria ya ajira ya mwaka 2004 hutoa siku 30 za usuluhishi, kisha ilani ya saa 48 kabla ya kugoma. Wafanyakazi wa Visiwani waulize chama chao cha wafanyakazi au ofisi ya kazi kabla ya kuchukua hatua.

Namna ya tatu ni kukataa kuajiriwa tangu mwanzo. Anayeitwa kazini aweza kuomba aione ofisi, na choo chake, kabla ya kutia sahihi. Akiona hakifai, aseme. Haki hii haihitaji sheria wala wakili, nayo ni ya watu wote. Lakini hutumiwa kidogo, kwa kuwa mwenye shida ya kazi huona haya kuuliza.

WANAWAKE WA KOZHIKODE

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu watoka pwani ya India, katika mji wa Kozhikode, jimbo la Kerala, bandari ya viungo ambayo mabaharia wa zamani waliijua kwa jina la Calicut. Katika mtaa wake wa maduka ya nguo, wanawake wauzaji walisimama kutwa nzima bila ya kuruhusiwa kukaa, na maduka mengi hayakuwa na choo chao. Walifanya kama wanavyofanya wengine wote: hawakunywa maji, wakabana, wakaugua. Fundi cherehani mmoja jina lake Viji aliwakusanya, mnamo mwaka 2009 na 2010, katika chama walichokiita Penkoottu. Dai lao la kwanza lilikuwa choo. Kisha wakadai kiti. Walidharauliwa na kuchekwa, lakini waliendelea, na mwaka 2018 serikali ya Kerala ikabadili sheria yake ya maduka, ikawapa wauzaji haki ya kukaa.

Tumeitoa khabari hii kwa sababu ya lile waliloanza nalo. Wanawake wale walianza kwa kusema kwa sauti neno ambalo kila mmoja wao alikuwa akilinyamazia peke yake. Baada ya neno hilo kusemwa hadharani, mwenye duka hakuweza tena kudai kwamba hakujua.

NA WACHUMAJI WETU JE?

Hatuwezi kuzungumza habari za ofisi tukanyamaza juu ya mashamba. Mwanachama anayemtetea karani, huku wachambuaji wake wakijificha mabondeni, ana nusu ya haki.

Huko Marekani wafanyakazi wa mashamba waliomba sheria ya vyoo tangu mwaka 1972, na wakaburutana mahakamani hadi mwaka 1987 ndipo kanuni ikatoka. Kanuni hiyo inahusu mashamba yenye wafanyakazi 11 au zaidi. Inataka choo kimoja na mahali pa kunawia pamoja kwa kila watu 20, tena visiwe mbali zaidi ya robo maili, yaani kama mita 400, kwa mwendo wa miguu. Maji safi ya kunywa nayo ni lazima. Wenye mashamba walilalamika kuwa gharama itawashinda. Lakini kanuni iko, na mavuno yanavunwa.

Kwetu si kila mwenye miti ishirini aweza kujenga choo shambani. Lakini majirani watano waweza kuchimba kimoja mahali pa kati, na kuweka dumu la maji lenye bomba na kipande cha sabuni karibu na uwanja wa kuchambulia. Kichimbwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na chini yake pawe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe pawe mbali zaidi, maana maji hupita upesi katika nyufa. Kikiwekwa bomba la hewa la inchi 6, lenye wavu juu yake na kupita paa kwa nusu mita, harufu na nzi hupungua sana.

NJIA YA KUFUATA

Kwa mfanyakazi, hatua ni hizi:

1. Aandike anachokiona, pamoja na tarehe: vyoo vingapi, watu wangapi, maji yapo au hayapo, lini kilifagiliwa mara ya mwisho. Maneno "choo kibaya" hayasaidii. "Siku 9 bila maji" yasaidia.

2. Azungumze na wenziwe. Barua ya watu sita ina uzito kuliko ya mmoja, tena haimweki mtu mmoja mbele akawa ndiye adui.

3. Barua iende kwa mkubwa wa ofisi, kwa heshima, na nakala ibaki. Itaje dawa inayotakiwa na muda wa kuifanya. Kwa komeo au maji, siku chache zatosha. Kwa choo kipya, wiki kadhaa.

4. Itaje pia la kufanya kwa sasa: kukubaliana na jirani mwenye choo, kuhamishwa kazi kwa muda mahali pengine, au kupewa nafasi ya kwenda na kurudi bila kuhesabiwa utoro.

5. Muda ukipita bila jibu, apelekewe khabari mkaguzi wa usalama na afya kazini, na bwana afya wa wilaya.

6. Ikiwa hatari ni kubwa na ya karibu kama tulivyoeleza, atoke, ampe mkubwa wake khabari mara moja na kwa maandishi, na aseme yu tayari kwa kazi nyingine mahali salama. Funguo, fedha na daftari azikabidhi kwa sahihi. Asifunge mizani, wala asiwachochee wakulima waliomo foleni. Anayefanya hivyo humpa mwajiri silaha, na shauri la choo hugeuka kuwa shauri la nidhamu.

Kwa kamati za matawi tuna maneno machache zaidi. Msingojee barua. Kabla ya msimu, wajumbe watatu, mmoja wao awe mwanamke, waende wakaone choo cha kila kituo wanachokisimamia kwa macho yao, wafungue mlango, wajaribu komeo na bomba. Matokeo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na fedha zake ziwekwe katika makisio ya mwaka pamoja na za magunia. Mfagizi wa choo alipwe kwa wakati na apewe buti, glavu na sabuni. Kazi yake ndiyo inayozuia maradhi ya wengine wote. Na mkubwa wa kituo atumie choo kile kile wanachotumia walio chini yake, kwani choo cha mkubwa chenye kufuli lake peke yake ndicho kinachofanya cha wengine kisahauliwe.

Mwishowe twawaomba wanachama waiache tabia ya kumcheka karani anayedai choo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jambo hili ni ghali: kituo kilichofungwa, mgonjwa aliyelazwa, au shehena iliyorudishwa. Tawi ambalo kituo chake hakina choo cha kutosha na lilete jambo hilo katika mkutano unaokuja, likiwa na hesabu ya watu, ya vyoo, na ya gharama. Hesabu hizo zikiwa mezani, mkutano utaweza kuamua siku ile ile, na fundi akaanza kuchimba kabla ya mchumaji wa kwanza kupanda mkarafuu.